"Wao ni sisi": Ardern baada ya Christchurch

Umeuliza, ndugu, kama hotuba inaweza kweli kuwatuliza waliofiwa au ni siasa tu. Mtazame Jacinda Ardern, aliyekuwa waziri mkuu wa New Zealand. Machi 15, 2019 gaidi alishambulia misikiti miwili mjini Christchurch na kuua watu 51. Siku ile ile Ardern aliwazungumzia wahamiaji na wakimbizi walioguswa, akasema: wao ni sisi. Muuaji alitaka nchi igawanyike, "sisi" huku na "wao" kule. Mama yule akaufuta mpaka huo kwa maneno matatu, bila kupaza sauti.

Siku nne baadaye, bungeni, alianza kwa salamu ya Kiislamu, kisha akasema hatalitaja kamwe jina la muuaji. Akawaomba watu wayataje majina ya waliopotea badala yake. Kwangu mimi ufundi mkubwa uko hapo: gaidi hutafuta umaarufu, naye akanyimwa mchana kweupe. (Na ule mtandio aliojifunika alipokwenda kuwapa pole Waislamu, nadhani picha yake ilisema zaidi kuliko hotuba zote.)

Ingeishia kwenye maneno, ningekubaliana nawe kuwa ni siasa. Lakini Machi 21 alitangaza marufuku ya bunduki za kivita zinazojipakia risasi zenyewe, na Aprili 10 Bunge likapitisha sheria hiyo kwa kura 119 dhidi ya 1.