Je, viwanda hubakiza magari yao ya zamani?

Ndugu uliyeuliza kama kampuni za magari huwa zinajiwekea walau gari moja la kila toleo: nyingi zinaweka, ila si zote zilianza mapema, na hapo ndipo penye utamu.

Chukua Toyota. Gari lao dogo la kwanza kuuzwa, Model AA la 1936, hawakubakiza hata moja. Yalitengenezwa kama 1,400 hivi, kisha vita, na yakaisha. Miaka ya themanini, walipokaribia kutimiza miaka 50, ikabidi waliunde upya kutoka mwanzo, na hilo ndilo wanalolionyesha Japani. Sasa cheka: 2008 likapatikana la asili huko Urusi, upande wa Vladivostok, likanunuliwa na makumbusho ya Louwman, Uholanzi. Wameliacha vilevile lilivyookotwa, bodi imechakaa, limepigwapigwa viraka. Mwenye kiwanda ana nakala, jirani ana lenyewe!

Mercedes-Benz wao wako vizuri, pale Stuttgart yamepangwa magari 160. Nissan wana ghala huko Zama, Japani, lenye mamia ya magari, mengine hata yanawaka.

Lakini kiwanda kikifa, mambo hubadilika. Saab wa Sweden walipofilisika 2011, magari ya makumbusho yao yalitangazwa kuuzwa kama mali ya mdeni yeyote. Mji wa Trollhättan, kilipokuwa kiwanda chao, na wenzake ndio waliojitosa kuyanunua, la sivyo yangetawanyika.