Risasi ya Garfield na vidole vya madaktari

Swali: Daktari, shikamoo. Mkufunzi wetu alisema Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi mwaka 1881, akafa siku 79 baadaye, na kwamba madaktari ndio waliomuua. Ni kweli? Na kile kifaa cha Alexander Graham Bell cha kutafuta risasi kilishindwaje? (Mwanafunzi wa uuguzi)

Jibu: Marahaba. Mkufunzi wenu yuko karibu sana na ukweli.

Julai 2, katika kituo cha treni cha Washington, Charles Guiteau alimfyatulia risasi mbili. Moja ilimparuza mkono. Ya pili ilimwingia mgongoni upande wa kulia, ikatoboa pingili ya kwanza ya kiuno na kutulia kushoto, nyuma ya kongosho. Mwili ukaizungushia ganda. Risasi iliyotulia namna hiyo, siku hizi mara nyingi tunaiacha humo humo.

Madaktari wa Garfield hawakuiacha. Tangu pale kituoni walipokezana kuchokonoa kidonda kwa vidole na vyuma visivyooshwa. Daktari wa upasuaji Mwingereza, Joseph Lister, alikuwa ameandika kuhusu kuua vijidudu tangu 1867, na mwaka 1876 alikwenda mwenyewe Philadelphia kuwaeleza Wamarekani. Wengi waliona ni mambo ya kujisumbua. Dkt. Willard Bliss, aliyejipa usimamizi wa mgonjwa, aliamini risasi iko kulia. Kila chuma kilipozama alidhani anaifuata, kumbe alikuwa anachimba njia yake mwenyewe katika nyama nzima, na usaha ukashuka nayo kuelekea kinena. Uchunguzi wa maiti ndio uliomuumbua.

Kifaa cha Bell kilikuwa kizima. Kilikuwa na koili mbili (nyaya zilizoviringwa) zilizosawazishwa hivi kwamba spika ya simu inakaa kimya; metali ikisogea karibu, usawa unavunjika na mlio unasikika. Alikijaribu kwa maaskari wa zamani waliokuwa na risasi mwilini, kikazipata. Ikulu, Agosti 1, kililia eneo zima, kwa sababu chini ya rais kulikuwa na godoro la nyaya za chuma. Isitoshe, Bliss alitaka upande wa kulia tu ndio upimwe.

Wewe kama muuguzi utashangazwa zaidi na lishe. Kwa siku kadhaa za Agosti walimlisha kwa njia ya haja kubwa: supu ya nyama, mayai, wiski. Utumbo mpana hufyonza maji na chumvi, lakini protini karibu zote hupita bure. Mtu wa kilo 95 hivi akabaki na 60.

Septemba 19 ateri ya bandama ilipasuka. Kwenye cheti ningeandika: kuvuja damu, kukitanguliwa na sepsisi (maambukizi yaliyosambaa mwilini), chanzo jeraha la risasi. Guiteau naye alidai kuwa madaktari ndio wauaji, yeye alipiga risasi tu. Baraza la wazee wa mahakama halikumsikiliza; alinyongwa Juni 30, 1882.