Ukuta wa kwenye TV si ukuta wa nyumbani kwako

Juzi kuna mdada kaniandikia inboksi, shikamoo dada, mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya zamani huku Tabata, tunataka tuvunje ukuta wa kati ya jiko na sebule pawe peupe kama wanavyofanya wale mapacha wa kipindi cha TV cha Property Brothers, fundi kasema wikiendi moja inatosha, unashaurije? Nikacheka peke yangu, halafu hasira za zamani zikanipanda, maana hiyo "wikiendi moja" naijua vizuri mno.

Mdogo wangu, tuanze na ukuta. Kina Drew na Jonathan Scott, waliotoka na kipindi chao kule Canada mwaka 2011, nyumba nyingi wanazovunja kuta za ndani ni fremu za mbao zimebandikwa bodi za jipsamu. Ndo maana mwenye nyumba anapewa nyundo, anagonga mara mbili tatu huku anacheka, ukuta upo chini. Wako wewe ni tofali la saruji na plasta pande zote, juu kuna lenta, yaani mkanda wa zege, na juu ya lenta huenda kenchi za paa, zile mbao zinazobeba bati, zimekaa hapohapo. Ndani ya plasta zimepita waya za umeme na pengine bomba la maji, aliyezipitisha hajulikani alipo na mchoro hakuna. Panda darini na tochi kabla hujamruhusu mtu aguse nyundo. Ukikuta kenchi zimeegemea ule ukuta tafuta injinia, na simaanishi fundi anayejiita injinia. Itabidi imwagwe bimu ya zege na nondo ibebe paa badala ya ukuta, na zege linahesabiwa siku 28 kufikia nguvu yake, kwa hiyo mirunda, yaani miti ya kuishikilia, itasimama katikati ya sebule wiki mbili tatu na utakuwa unaikwepa ukienda kulala.

Hayo kwenye TV hutayaona, jamani. Kile kipindi cha Extreme Makeover: Home Edition kilichoanza 2003 walikuwa wanamaliza nyumba nzima siku saba, lakini ni umati wa watu wanapokezana usiku na mchana na familia imepelekwa kula likizo. Wewe likizo nani anakupa? Mimi nilipofumua jiko langu nilibaki mlemle ndani. Fundi alikuja na adabu zote, "mama usiwe na wasi, hii kazi ndogo", akala advansi, akabandua tailizi za jiko, akang'oa sinki, na simu ikaanza kutopatikana. Kumbe kapata saiti nyingine kubwa Bunju! Nikawa napikia mkaa koridoni, vyombo naoshea bafuni, vumbi limeingia mpaka kwenye unga wa ugali. Mama mkwe akaja kutusalimia, akasimama mlangoni akauliza, "Mwanangu, mnahama au ndo mnahamia?" Sijasahau, na yule fundi sijamsamehe.

Tailizi nazo zina lao. Nilinunua za 60 kwa 60, boksi lina nne, linafunika kama mita moja na nusu hivi ya mraba. Aliyenipigia hesabu hakuweka za kukatika, zikapungua. Kurudi duka lilelile, aina ileile, jina lilelile, kuzipanga chini zile mpya zimeenda umanjano! Pembeni ya boksi huwa kuna namba ya toleo na ya rangi, imeandikwa kwa wino hafifu, hakikisha zote zinafanana na ununue za ziada kama sehemu ya kumi hivi. Fundi alinambia "mgeni hataona". Kila mgeni anaona.

Na plasta mpya usiikimbilize rangi. Inamwagiwa maji siku kadhaa, inaachwa ikauke karibu mwezi, hasa sisi wa pwani ambao kuta zinapanda chumvi kutoka chini. Wenye haraka rangi inavimba malengelenge wanaanza kulaumu kampuni ya rangi. Subira ndugu zangu, watu hatuna subira kabisa siku hizi, tunataka ya kupigia picha tu. Hata kwenye kile kipindi cha Fixer Upper zile fanicha nzuri za mwishoni nyingi zilikuwa za kupambia tu, mwenye nyumba akizitaka alilipia.

Afu hilo jiko la wazi, umewaza kukaanga samaki? Wenzetu wale wanapika mbele ya kamera saladi. Mimi vibua vilikaa kwenye makochi mpaka Jumapili, nikaweka mlango wa kioo wa kusukuma, na bado vibua nakaangia uani.

Kwenye hela kuwa mkali. Vifaa nunua mwenyewe, usimpe fundi akanunue. Ufundi lipa kwa hatua, kavunja mlipe cha kuvunja, kapiga plasta mlipe cha plasta, na tenga kama asilimia 20 pembeni kwa yatakayofumuka, maana yatafumuka. Baki ya mwisho usiiachie mpaka ukague. Fundi aliyekuja kunimalizia hili jiko (na limependeza, nisiwe mnafiki, majirani wanakuja kupiga picha) nilimsimamisha hapo nikafungua koki zote, nikalala chini kabisa na tochi kuangalia kama sinki linavuja, ndo nikamhesabia hela yake. Alinuna, akapokea, akaondoka.