Padri anajibu: kazi yangu ni kupeleleza watu Birere, je ni zambi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristu padri. Mimi ni mukristu wa Birere hapa Goma. Kazi yangu ni ya kutafuta, mutu akiibiwa, ao mwenye deni yake akikimbia, ao akianza kuwaza mabaya juu ya bibi yake, ananiita, polisi ikishachoka njo miye ninaanza. Ninadanganya watu ili waseme, maibobo, watoto wa barabara, ninawapa mukate na mara ingine kofi, usiku niko mu nganda, fasi ya kunywa pombe, na watu wabaya na siogopi tena mutu. Lakini moyo umekauka, hata mu kilio silie tena. Sasa mwenye depo moja ya unga alinituma nimutafutie mwenye kumuibia na akanipa avansi. Nimemupata, ni mutoto, anaweza kuwa na miaka 15. Bosi anataka jina na fasi yenye analala, vijana wake wanangoja. Mbele ya huyu kuko kijana mwingine nilionyesha, wakamupiga mawe, alipona ila mpaka leo anatembea na fimbo. Je hii kazi ni zambi? Ninaweza kukomunia?

JIBU: Milele na milele, ndugu yangu. Nianzie kwa yenye haiwezi kungoja: hilo jina usilitoe. Usimpe bosi jina, wala fasi mtoto analala, wala rangi ya shati yake, wala usiseme "mimi sisemi kitu lakini pitieni kule nyuma ya soko mtaona wenyewe", maana hiyo nayo ni kutoa jina. Wale vijana unajua wanangojea nini, ulishaiona kwa macho. Mengine yote yenye ninaandika hapa chini unaweza kuyasoma polepole hata kesho, lakini hiyo ni ya leo.

Sasa kazi yenyewe. Kutafuta ukweli si zambi, na ninasema hivyo wazi hata kama kuna watu watasema padri amebariki wapelelezi. Fungua Luka sura ya 3, watoza ushuru na askari wanakuja kwa Yohane Mbatizaji, askari wanauliza sisi nasi tufanye nini, na askari wa wakati ule hawakuwa watu wa kupendwa na raia, lakini Yohane hakuwaambia waache kazi, aliwaambia "Msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, tena mtoshewe na mshahara wenu." Ukisoma hiyo mstari wa 14 utaona inagusa mkono wako, na mdomo wako, na mfuko wako, na mimi nitakujibu kwa kuifwata hiyohiyo.

Watu husema kazi yako ilianzia Paris mwaka 1833, wakati Vidocq, mfungwa wa zamani, alifungua biro ya kutafutia wafanyabiashara habari kwa pesa. Mimi ninaona Danieli alimtangulia mbali sana. Soma Danieli sura ya 13 (ndugu zetu waprotestanti sura ya 13 na 14 hawana katika Biblia yao, kama uko na yao azima ya kikatoliki). Wazee wawili, tena waamuzi, wanamtamani Susana mke wa Yoakimu, anawakatalia, wanamsingizia kwamba walimkuta na kijana chini ya mti. Na watu wote wanaamini palepale, juu wazee wamesema, na wanaanza kumpeleka auawe. Ndugu yangu wewe unaijua hiyo picha kuliko mimi, umati umeshakasirika, kila mtu ana hakika, hakuna mwenye ameuliza kitu hata kimoja. Danieli ni kijana tu, anapiga kelele katikati yao, mnamhukumu binti wa Israeli bila kuchunguza? Anawarudisha wote, anawatenganisha wale wazee wawili, huyu huku na yule kule, anamuuliza kila mmoja peke yake: ulikuwa mti gani? Huyu anataja mti wake, na yule wake mwingine kabisa, na uongo umejulikana, na mama wa watu amepona.

Hiyo ni kazi yako kabisa, na ni kazi takatifu, iliokoa mtu asife. Na kitu chenye kinanigusa sana hapo ni kwamba Danieli alianza kuwachunguza wenye kushitaki. Mithali 18:17 nayo inasema anayejitetea kwanza huonekana ana haki, mpaka jirani yake aje amchunguze. Sasa wewe, mwenye depo alikuja wa kwanza, akalia mbele yako, akaweka dola, ukaenda. Ulimuuliza yeye nini? Mtoto wa miaka 15 anayelala inje hawezi kubeba magunia ya unga peke yake usiku kwenye yale mawe ya volkano, magunia yanataka chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, na chukudu iko na mwenyewe, na kufuli ya depo ilifunguliwa na mtu mwenye anajua inafungwa saa ngapi, na unga ulinunuliwa na mtu mzima mwenye butiki. Umekamata wa mwisho, yule mwepesi kukamata, halafu unasema nimempata. Kama unataka kuendelea na kazi hii mbele ya Mungu, basi ifanye mpaka mwisho, na mara nyingi mwisho wake utaukuta karibu na biro ya yule mwenye kukutuma.

Lakini usome na sura ya 14 pia, ile ya sanamu ya Beli. Kila siku wanaipelekea unga, kondoo 40 na divai, na asubuhi kila kitu kimeliwa, mfalme anasema unaona mungu wetu anakula. Danieli anamwaga majivu chini usiku bila makuhani kujua, asubuhi kuna alama za miguu, za wanaume na za wanawake na za watoto, walikuwa wanaingia kwa mlango wa siri. Watu wanapenda hiyo hadithi, mimi pia ninaipenda, lakini sehemu yenye inafwata tunaipitaga mbio: mfalme akakasirika akawaua wote, na wake zao, na watoto wao. Majivu yalisema kweli tupu. Na watoto wenye waliacha alama ndogo kwenye majivu wakafa juu ukweli ulianguka mikononi mwa mtu mwenye hasira na mwenye nguvu. Mimi sikuambii Danieli alikosea, ninakuambia wewe unakaa Birere, ambako mtu akiitwa mwizi kwa sauti kubwa anaweza asifike jioni, na unajua mbele yake nani amekasirika na nani ana nguvu.

Kwa hiyo Kanisa halikuulizi tu kama yenye unasema ni kweli. Katekisimu namba 2489 inasema hakuna mtu analazimishwa kumfunulia ukweli mwenye hana haki ya kuujua, na namba 2477 inaita kosa kufunua makosa ya mwenzako bila sababu ya haki kwa watu wenye hawakuyajua. Mwenye depo ana haki ya kurudishiwa mali yake, hiyo siikatai, kuiba ni zambi na huyo mtoto ataambiwa hivyo. Haki ya kuwa hakimu yeye hana, na vijana wake hawana zaidi. Hata sheria ya inchi yetu, ile ya 10 Januari 2009 ya kulinda mtoto, inapeleka kesi ya mwenye hajatimiza miaka 18 kwa tribinali ya watoto, na chini ya miaka 14 haimhesabii kosa la jinai kabisa. Najua utaniambia padri tribinali gani, unaishi wapi wewe. Ninaishi hapahapa. Kama tribinali haipo ao haifanyi, bado kuna paroko, kuna watu wa Caritas, shirika la misaada la Kanisa, kuna mama wa shirika mwenye anawajua hawa maibobo kwa majina, mtoto akae kwao kwanza na mazungumzo ya kulipa yafanyike naye akiwa mzima. Avansi mrudishie bosi, umwambie mali tutaitafuta, mtu sikuletei.

Kofi lazima liishe, hapo sina maneno mengi, habari yenye umeipiga kutoka kwa mtoto mwenye njaa haina hata faida, atakutajia jina lolote ili uache. Juu ya uongo, kunyamaza unaweza, kutosema wewe ni nani unaweza, lakini kujitengenezea kuwa ndugu wa marehemu ao mtu wa parke, biro ya mwendesha mashtaka, ili mama wa watu akufungulie mlango ni uongo na ni wizi wa imani yake. Na zile kazi za kufwata mabibi za watu ziache zote. Mume mwenye wasiwasi amlete bibi yake kwetu waongee, yeye na wewe nyuma ya dirisha usiku hamjengi ndoa yoyote.

Na pesa. Mwaka 1892 kule Homestead, Marekani, wapelelezi wa kampuni ya Pinkerton karibu 300 walitumwa na tajiri wa kiwanda cha chuma dhidi ya wafanyakazi wake wenye walikuwa wamegoma, watu wakafa pande zote mbili. Mtafutaji mwenye hachagui mwenye kumtuma anaishia kuwa fimbo. Sisi wa Goma tuko na mfano mwingine wa nyumbani, Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, alikuwa anakagua bidhaa zinazoingia, akakataa pesa ili chakula kilichooza kisipite, wakamuua Julai 2007 akiwa na miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenyeheri kule Roma. Tena huyo alikuwa rafiki wa hawa maibobo wenyewe, alikuwa anawafundisha. Umuombe yeye, anaijua Goma na anajua bei ya kukataa.

Unasema moyo umekauka. Mtu mwenye moyo umekufa hangeniandikia juu ya mtoto wa mtu mwingine wakati dola ziko mezani, kwa hiyo mimi sitakubali hilo neno lako lote.

Kuhusu komunyo: kwanza uje kuungama, usipange foleni Jumapili mbele ya hapo. Ungama zambi zako tu, siri za wenye walikutuma ziache. Na yule kijana wa fimbo, hata kama hukurusha jiwe, mkono wako uko ndani, na kuungama peke yake hakulipi deni hilo. Kama nyumba yao inaweza kukupokea bila vita, nenda na mzee mmoja wa jumuiya, usijitetee, uulize dawa zinagharimu nini kwa mwezi na uanze kulipa, na kama hawataki kukuona utume kupitia paroko bila kutaja jina.