Punda wangu hugoma mferejini: nimchape?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina punda dume wa miaka 3, ana miezi miwili kwangu hapa Langoni, Lamu. Zizini ni mpole, hata watoto humshika masikio. Lakini nikimtoa kwenda pwani, akifika kwenye mfereji unaokata njia hagusi hata tone, na akisikia injini ya boti huganda kama jiwe. Nilipompanda alinibwaga, sasa nami naogopa. Babu asema nimchape, atazoea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bakora iweke kando. Babu namheshimu, na najua amefuga punda kabla sijazaliwa, ila hapa sikubaliani naye. Farasi akiogopa hutimua mbio, kila mtu akaona kuwa ni hofu. Punda akiogopa husimama apime kwanza, nasi tukamwita mkaidi. Ukimchapa akiwa pale, mfereji unakuwa na mambo mawili ya kutisha: maji asiyoyajua kina, na bakora.

Kwanza hakikisha haumwi. Pitisha kiganja mgongoni polepole, pale shogi la mizigo linapokaa. Ngozi ikitetemeka au akigeuza kichwa upesi, pana maumivu. Inua kila mguu, safisha kwato, unuse. Harufu ya uozo ni ugonjwa, na mwenye kwato bovu hana sababu ya kuamini njia. Lamu tuna zahanati ya punda iliyoanzishwa mwaka 1987, kwa hiyo usimtibu kwa kubahatisha.

Pili, usimpande kwa sasa. Mifupa ya punda wa miaka 3 bado haijakomaa. Ngoja apite miaka 4, mizigo mizito nayo ingoje. Miezi hii yote iwe ya kutembea naye tu, kwa miguu yako, ukiwa ubavuni karibu na bega lake. Ukikaa nyuma yake kabisa hakuoni.

Mtoe kila siku, hata kama ni dakika 20. Matembezi mafupi ya kila siku yanamjenga kuliko safari ndefu ya Ijumaa kwa Ijumaa. Toka alfajiri, vichochoro vikiwa vitupu. Ukipata punda mzee asiyeshtuka, mtangulize. Punda humwamini punda mwenzake kabla hajakuamini wewe.

Sasa mfereji wenyewe, maana hapo ndipo wengi huharibu. Atasimama hatua kadhaa kabla yake, masikio mbele, shingo imekakamaa. Nawe simama. Kaza kamba kidogo tu, kama unavyokaza uzi wa mshipi kuhisi samaki, uishike hivyo hivyo bila kuvuta. Akiegemea mbele, hata kama ni uzito tu umehama na mguu haujainuka, legeza papo hapo. Kule kulegea ndiko kunakomwambia amefanya sawa. Ukichelewa kulegeza, hajui umemsifu kwa lipi. Mwache anuse maji. Akishusha kichwa, akalamba midomo, akashusha pumzi, mgeuze mrudi nyumbani hata kama hajavuka. Kesho ataanzia pale alipotulia.

Nilipoanza kazi hii, mimi na wanaume wawili tulimvuta jike mmoja akavuka kwa nguvu. Aliteleza, akachubuka goti. Kidonda cha goti kilipona, lakini kichochoro kile hakukanyaga tena, mwenye punda ikambidi azunguke kila siku. Kosa lile lilikuwa langu, na linaniuma hadi leo.

Boti ni hivyo hivyo, ila kwa umbali. Tafuta mahali anapozisikia huku bado anatafuna majani yake, mkae hapo. Siku ya pili sogea kidogo. Akiacha kutafuna, umekaribia mno, rudi nyuma.

Hofu yako nayo itapungua humo humo. Ukishamjua masikio na pumzi zake, utajua ataganda kabla hajaganda. Wakati wa kupanda ukifika, anzia ufuoni Shela maji yakiwa yamekupwa, mchanga ukiwa umeshikana, na mtu akushikie kamba. Panda, hesabu pumzi 10, shuka. Hiyo siku ya kwanza inatosha.

Baada ya wiki sita niandikie tena, unieleze masikio yake yanakaaje akiufikia mfereji.