Mnaoanza kazi ya takwimu za mazingira Arusha, namba ikibadilika angalieni kwanza ilivyopatikana

Wadogo zangu mnaokuja fildi, na nyie mliopata ajira mpya halmashauri au kwenye miradi ya mazingira huku kaskazini, nina jambo moja kubwa la kuwaambia. Takwimu za taka, uchafuzi au gesijoto zikipanda au zikishuka, msikimbilie kuandika kwamba hali imebadilika. Chunguzeni kwanza kama kilichobadilika ni mpaka, ni mzani, ni msimu au ni hesabu yenyewe.

Anzeni na mpaka. Mtu anachukua takwimu za mkoa wa Arusha za miaka ya 90 anaziweka grafu moja na za leo, anaona mifugo imeshuka ghafla, anaandika methani (gesijoto wanayoitoa ng'ombe wakicheua) imepungua, kumbe mwaka 2002 Manyara ilimegwa ikawa mkoa, na Babati, Hanang, Mbulu, Kiteto na Simanjiro wakaondoka na ng'ombe wao! Kabla hujagusa eksel shuka hadi wilaya, halafu ujenge mkoa upya kwa mpaka wa leo kwa miaka yote. Na weka idadi ya watu pembeni: sensa ya 2012 mkoa ulikuwa na watu kama milioni 1.7, ya 2022 ukafika karibu milioni 2.36, yaani ongezeko la kama asilimia 39. Ukiona taka zimeongezeka kwa asilimia 20 katika kipindi hicho hicho ujue zinazofika dampo kwa kila mtu zimepungua, na hapo swali ni je, watu wanatupa kidogo au wanachoma uani?

Kwa ng'ombe wa Longido na Monduli wengi mtatumia namba ya kuzidishia ya miongozo ya 2006 ya IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, kilo 31 za methani kwa ng'ombe asiye wa maziwa kwa mwaka. Ukizidisha kwa 28 (kilo moja ya methani inapasha joto kama kilo 28 za hewa ukaa) ili kuigeuza iwe sawa na hewa ukaa unapata karibu kilo 870 kwa kichwa kimoja. Sasa ile 28 ni ya ripoti ya tano ya IPCC, ripoti ya pili ilikuwa 21 na ya nne 25, kwa hiyo ukikuta ripoti ya zamani imetumia 21 na wewe umetumia 28 umepandisha methani kwa theluthi nzima bila ng'ombe hata mmoja kuongezeka. Pia ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi sana kwenye wilaya hizo. Methani ilishuka, ndiyo, lakini familia zilipoteza kila kitu, na mimi naumia sana nikiona mtu anauchora mstari ule kama mafanikio. Andikeni sababu hapo hapo chini ya grafu, msimwachie msomaji akisie.

Taka ndiyo sehemu itakayowachosha zaidi. Kwenye madampo yasiyo na mzani utakuta daftari la getini, karani anaandika tarehe, namba ya gari, na kwenye ujazo "imejaa" au "nusu", basi. Tripu haikuambii kilo. Taka zetu nyingi ni mabaki ya chakula, maganda ya ndizi, majani ya sokoni, na gari lile lile likija mwezi wa nne limeloa ni zito kuliko likija mwezi wa tisa. Tafuteni mzani wa magari popote mjini, mpime magari machache yakiwa yamejaa na yakiwa matupu, masika mpime na kiangazi mpime, mpate wastani wenu wenyewe badala ya kuazima wa nchi nyingine. Halafu mchambue taka zenyewe: mwaga kwenye turubai, changanya vizuri kwa koleo, gawa mafungu manne, toa mawili yanayotazamana, rudia mpaka libaki fungu la kuchambulika, kisha pima kila aina kwenye ndoo kwa mzani wa kuning'iniza. Pampasi wekeni peke yake tafadhali, zinaoza kwa kasi tofauti na maganda na siku hizi ni nyingi mno. Glovu nene na buti ni lazima, sindano zipo.

Kuna kitu kwenye hesabu ya methani ya dampo watu wa Arusha lazima mkijue. Majedwali ya IPCC ya kasi ya kuoza yanagawanywa na joto la wastani la nyuzi 20, na Arusha mjini, kwenye mita kama 1,400, iko karibu kabisa na mstari huo, wakati Moshi iko chini zaidi na joto lake liko juu ya hapo wazi wazi. Chagueni upande mmoja, andikeni kwa nini, na msihame katikati. Mkumbuke pia taka iliyofukiwa leo inatoa methani kwa miaka mingi mbele, kwa hiyo mradi wa mboji ukianza mwaka huu msitegemee dampo litulie mwakani.

Mitoni nako kuna mitego. Floridi kwenye maji ya Mlima Meru inatokana na miamba ya volkano, na visima vingi vinazidi kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha miligramu 1.5 kwa lita bila kiwanda chochote kuhusika, kwa hiyo pima mto Themi juu ya mji na chini ya mji siku hiyo hiyo ndipo uuseme mji. Na pima mtiririko pia, maana mvua ikinyesha uchafu kwa kila lita unaweza kupungua wakati jumla ya uchafu unaoshuka kuelekea mto Kikuletwa imeongezeka! Saa iwe ile ile kila mara, asubuhi kabla wanaoosha magari hawajaanza ni tofauti na saa kumi jioni.

Vile vipima vumbi vya bei nafuu navyo, ukungu wa mwezi wa sita na wa saba unavidanganya, vinahesabu matone ya maji kama vumbi. Weka rekodi ya unyevu pamoja na ya vumbi, na linganisha Juni na Juni.

Mkibadilisha njia ya kupima, rudini nyuma mkokotoe upya miaka yote mpaka mwaka wa kuanzia. Data za zamani zikiwa hazitoshi kufanya hivyo, kateni mstari wa grafu pale pale, muanze mwingine wa rangi tofauti, na kwenye faili muweke nakala ya daftari la getini kama lilivyoandikwa kwa mkono.