OptiPlex 780: soma stika ya RAM kabla ya kutuma pesa

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Langoni, Lamu. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 780 ya kasha la kusimama, Core 2 Duo, RAM 2GB, Windows 7 ya biti 32. Kurasa nyingi sasa hazifunguki. Nataka kuitia Windows 11 na RAM 8GB. Muuzaji wa Mombasa ana kadi mbili za 4GB kwa bei nzuri. Nichukue?

JIBU: Waaleikum salaam. Usitume pesa kwanza. Chipseti ya Q45 iliyo kwenye mashine hiyo, yaani chipu za ubao mkuu zinazoongoza RAM, haisomi chipu za DDR3 zinazozidi gigabiti 2 kila moja, kwa hiyo kadi ya 4GB lazima iwe na chipu 16, nane kila upande. Kadi nyingi zinazouzwa sasa zina chipu nane tu. Ukizichomeka, feni itazunguka na skrini ibaki nyeusi. Muuzaji ataapa kwamba kadi ni nzima, na kwenye mashine mpya kidogo kweli itawaka.

Mwambie akutumie picha ya stika. Unatafuta maandishi haya: 4GB 2Rx8 PC3-10600U. Ile 2Rx8 ndiyo chipu 16. 1Rx8 ikatae, na yenye x4 badala ya x8 pia. U ni ya kompyuta ya mezani, R ni ya seva, S ni ya laptopu na haitaingia kwenye sloti. PC3-8500U nayo inafaa, maana mashine yenyewe haivuki kasi ya 1066, na hiyo ndiyo kasi ya PC3-8500. Kukagua picha ni bure. Kurudisha mzigo ni boti hadi Mokowe kule bara, kisha basi, kisha mabishano.

Windows 11 isahau. Tatizo si TPM tu, ile chipu ya usalama ambayo watu huikwepa kwa ujanja. Tangu toleo la 24H2, Windows 11 inadai amri ya prosesa iitwayo POPCNT, na Core 2 Duo haina, kwa hiyo haiwaki kabisa. Windows 10 itaingia, lakini Microsoft ilifunga msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukibaki na Windows 7 hiyo, biti 32 haitumii zaidi ya 4GB, na Chrome iliiacha mwaka 2023 baada ya toleo la 109. Ndiyo maana kurasa zinakugomea.

Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, ile nyepesi ya Xfce, biti 64, juu ya SSD (diski ya kisasa yenye kasi) ya 240GB. RAM peke yake haitaponya diski ya zamani inayosaga dakika nzima kuwaka.

Ila angalia printa kwanza. HP na Epson nyingi hukubali bila taabu. Canon LBP2900 ni kichwa ngumu kwenye Linux. Tengeneza flashi ya Mint kwa programu ya Rufus, chagua MBR (mpangilio wa diski unaofaa mashine za zamani), washa huku ukibonyeza F12, uijaribu Mint kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Chapa ukurasa mmoja. Kama kazi yako ni fomu za Excel zenye makro, zijaribu pia hapo hapo, kwani LibreOffice, inayoshika nafasi ya Excel kwenye Mint, hushindwa na nyingi.

Ukiridhika, hamisha mafaili yako nje, zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Kwa hewa yetu ya chumvi, meno ya kadi na sloti hushika kutu nyembamba: sugua meno kwa ufutio wa penseli, pangusa kwa spiriti, na usipake mafuta ya aina yoyote. Toa kadi za zamani, weka mpya kwenye sloti zenye vishikizo vyeupe, sukuma mpaka vibane pande zote mbili. Badilisha na betri ya CR2032 kabisa. Ikifa, saa ya kompyuta hurudi nyuma miaka, na tovuti salama hukataa kufunguka hata kwa Mint mpya.

Kabla ya kusakinisha, iache Memtest86+, programu ya kupima RAM, imalize mzunguko mmoja. Ikitoa mstari mwekundu hata mmoja, pima kadi mojamoja. Mbovu itajulikana, na muuzaji umpelekee picha ya skrini.